Firigisi ya Baba Sandra

Sahani ya Wangila ilirudi jikoni ikiwa na firigisi juu yake.

Nabwile aliitazama akiwa amesimama, mwiko mkononi. Ugali ulikuwa umebomolewa upande mmoja kwa hila, kama afanyavyo mtoto anayetaka mama aamini kwamba amekula. Mchuzi ulikuwa umekwisha. Lakini nyama zilikuwa zote pale: paja, kidari, na ile firigisi aliyoipasua mwenyewe asubuhi, akaibandua ngozi ya ndani ya manjano na kuiosha kwa chumvi mara tatu. Haikuguswa.

Mtu wa kwingine angeuliza, firigisi ni nini hata mtu akose usingizi? Ni kinyama kisichojaa kiganja. Mtu huyo hajaolewa Bungoma. Kwa Wabukusu kuku hagawanywi ovyo. Firigisi, ambayo wao huiita imondo, ni ya mwenye nyumba. Mke akisahau chumvi atasamehewa, lakini akisahau imondo ataitiwa wazee. Na mume akiiacha kwenye sahani ya mke wake, naye amesema neno. Amesema hapa si kwangu tena.

"Baba Sandra," Nabwile aliita kutoka mlangoni.

"Mm."

"Umesahau kitu kwa sahani."

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi?"

Wangila alijifuta mdomo ambao haukuwa na kitu. "Si nimekula? Hata supu nimemaliza."

"Supu hata mgonjwa anakunywa."

Binti yao Sandra, aliyekuwa amejiinamia juu ya daftari zake za kidato cha nne kwenye meza hiyo hiyo, aliinua kichwa. "Mathe, kama haitaki si unipee mimi."

"Nyamaza! Msichana hali hiyo kitu."

Sandra alirudi kwenye daftari. Wangila alitoka nje akasimama kibarazani, akiwatazama majirani wa mtaa wao wa Tuwan wakirudi kutoka kanisani na watoto wao. Nabwile alibaki jikoni na sahani yake.

Kuku huyo hakuchinjwa kwa sababu ya Jumapili. Ilikuwa Septemba, na tangu Julai Nabwile alikuwa akiona chakula chake kikirudi. Alifikiri ni maharagwe, akapika sukuma. Akafikiri ni sukuma, akapika samaki. Mrenda peke yake, mboga ile yenye utelezi, ndio mume wake alioumaliza, tena bila ugali, akiunywa moja kwa moja kutoka kwenye bakuli. Nao ule utaratibu wao wa kila mwisho wa mwezi, wa kwenda mjini wote watatu kula kwenye hoteli ya nyuma ya stendi, ulikuwa umekufa bila kutangaziwa kifo. Hata kijijini kwao Matulo, kwa dada yake Wilkista, Wangila hakutaka tena kwenda kutembea. Basi Nabwile akasema moyoni: nitamchinjia jogoo. Akila imondo, nitaomba Mungu anisamehe mawazo yangu mabaya. Akiiacha, nitajua.

Sasa alijua. Kumbe hakujua kitu, masikini. Mungu atusamehe sote tunaosoma sahani za watu.

*

Ukweli ulikuwa kwenye koo. Ulianza Juni, kwa tonge moja la ugali lililokataa kushuka. Wangila alikunywa maji, tonge likapita, akasahau. Wiki iliyofuata likawa nyama. Kisha mkate. Kufikia Agosti chochote kisichokuwa majimaji kilisimama katikati ya kifua kikangoja hapo, na yeye akangoja nacho, akitabasamu mbele ya familia yake huku machozi yakimlengalenga.

Hakuhitaji daktari wa kumwambia. Baba yake alikufa hivyo kule Matulo. Mwaka huo Wangila alikuwa kidato cha tatu. Alitolewa shuleni kwa wiki mbili aje amshike baba, wiki mbili zikawa miezi saba, na baada ya mazishi hakukuwa na mtu wa kumrudisha darasani. Ndiyo maana sasa alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mahindi la mtu mmoja hapo Kitale, akiandika uzito wa magunia ya wengine. Angeweza kuwa kitu kingine. Hakulalamika juu ya hilo, ila hakulisahau.

Alichokuwa ameamua ni hiki: Sandra amalize mtihani kwanza. Mtihani unaisha mwishoni mwa Novemba. Akishaweka kalamu chini, watu waambiwe, hospitali iendewe, kilio kianze kama ni kilio. Kabla ya hapo hakuna mtu wa nyumba yake atakayetolewa shuleni kwa ajili ya koo la baba. Aliipanga hesabu hiyo peke yake. Ilikuwa hesabu ya mapenzi, lakini ilikuwa mbaya.

Jioni moja wapagazi walipoondoka, alipanda kwenye mizani ya magunia. Mwezi wa Juni alikuwa kilo sabini na moja. Sasa kibao kilisema hamsini na sita. Alishuka haraka kama mwizi.

Mtu mmoja tu alijua. Nyambu, mama wa makamo aliyeuza uji na mandazi kwenye lango la ghala, alimkuta siku moja nyuma ya kibanda chake akitapika andazi ambalo hata halikufika tumboni. Hakumuuliza maswali mengi. Alikoroga uji wa wimbi mwepesi, akauchuja mara mbili kwa chujio la chai, akamkalisha kwenye benchi na kumtazama akinywa.

"Imeshuka?" aliuliza.

"Imeshuka."

Tangu hapo ikawa kila siku saa nne na saa tisa. Uji unachujwa, Wangila anakunywa, Nyambu anauliza kama imeshuka.

"Na mke wako anajua?"

"Atajua Desemba."

"Mzee, hiyo koo itangoja Desemba?"

"Niapie hutasema, Nyambu. Mtoto yuko na mtihani."

Nyambu aliapa, ingawa hakupenda. Alikuwa na watoto wake pia, na neno la mtihani lilimfunga mdomo.

*

Aliyepeleka habari alikuwa Wangu, jirani yao wa mlango wa pili, mwenye kuuza viazi na karoti. Ni mama mzuri, mwepesi wa kukopesha na mwepesi vilevile wa kuona. Alikuja jioni kurudisha sufuria, akakaa kwenye kigoda kidogo na kupunguza sauti.

"Mama Sandra, mimi sipendi maneno."

"Sema tu, Wangu. Ukianza hivyo najua uko nayo."

"Nimepita pale kwa ghala kupeleka viazi. Leo mara ya tatu. Baba Sandra amekaa kwa huyo mama wa uji, ati anakunywa na huyo mama amesimama hapo anamwangalia mdomo. Anamwangalia kabisa! Mteja gani anaangaliwa hivyo?"

Nabwile aliendelea kuchambua mchele. Alitoa jiwe moja, akalitupa, akatoa punje nzima ya mchele, akaitupa pia.

"Bwana akiwa hakuli kwako anakula mahali," alisema Wangu. "Hakuna mtu anaishi na hewa."

Siku ya pili Nabwile alifunga mapema cherehani yake ya kushonea watu nguo, akajifunga leso vizuri na kushuka mpaka ghalani. Ilikuwa saa tisa. Wapagazi walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, unga wa magunia nyusoni. Wangila alikuwa kwenye benchi la ndani, kikombe mdomoni, macho yamefumbwa kwa bidii ya kumeza. Bidii hiyo, kwa macho ya mke aliyeumia, ilifanana na utamu.

"Kumbe ni hapa unashibia," alisema.

Wangila alifumbua macho. Wapagazi wakashusha vikombe mmoja mmoja.

"Mama Sandra, twende nyumbani."

"Ngoja kwanza. Mama, nipimie na mimi nionje. Nijue huo uji uko na nini chakula yangu haina."

Nyambu alijifuta mikono kwenye aproni. "Dada, kaa chini nikuambie kitu."

"Nyambu!" Wangila alimkatiza kwa ukali.

Lilikuwa jina tu. Lakini lilitoka haraka mno, lenye mazoea mno. Nabwile alichukua kikombe kutoka mkononi mwa mume wake, akakigeuza. Uji ulimwagika juu ya viatu vya Wangila na kuchuruzika mpaka kwenye mavumbi. Mpagazi mmoja akacheka, akasema, "Mzee ameshikwa leo, bana!" na wengine wakacheka kwa kuwa wa kwanza alikuwa amecheka.

Wangila alikuwa na nafasi ya kusema. Alifungua mdomo. Akamwona Sandra mawazoni akitolewa darasani, akaufunga tena. Akainama, akapangusa viatu vyake kwa kipande cha gunia, na mke wake akaondoka akilia bila kuficha uso.

"Sema ukweli, mzee," Nyambu alimwambia baadaye, akiosha kikombe. "Nimeitwa malaya na macho ya watu wote hawa, na mimi nakuchujia uji."

"Novemba iishe, mama. Nivumilie."

*

Kesho yake asubuhi Nabwile alipakia nguo zake kwenye mfuko mkubwa. Sandra alisimama mlangoni na sare ya shule.

"Mathe, mtihani ni wiki tatu imebaki."

"Babako yuko. Atakupikia. Ama huyo wake wa uji aje akupikie."

"Na mimi nimekosea nini?"

Nabwile alitua mfuko. Alimkumbatia, akamwambia asome, akaenda kwao Malakisi. Hasira humfanya mtu aache kitu anachokipenda kuliko vyote, ili amwonyeshe mwingine kwamba ameumia. Wengi wetu tumefanya hivyo na wengine hatukupata nafasi ya kurudi.

Wangila alianza kupika. Ugali wake ulikuwa na madonge, sukuma yake ilikuwa nyeusi, na Sandra alikula bila kusema neno, kwa sababu alikuwa amekasirika naye na kwa sababu alikuwa na njaa. Usiku wa nne binti alivunja kimya.

"Buda, wewe unakula saa ngapi?"

"Nikipika naonja. Nikionja nashiba."

Sandra aliitazama suruali iliyompwaya baba yake. Kisha akavuta taa karibu na kitabu chake.

*

Siku ya kumi na mbili, Jumamosi, Wangila alivaa koti lililokuwa limemkaa vizuri siku za nyuma, akabeba sukari na mikate miwili, akaenda kumfuata mke wake.

Nyumba ya kina Nabwile iko juu kidogo ya soko la Malakisi, kwenye shamba lililokuwa la tumbaku na sasa ni la mahindi. Kaka yake, Wepukhulu, alimpokea kwa mkono na uso mgumu. Mama mkwe, mzee Nakhumicha, alimsalimu kutoka mbali, akiwa ameelekea upande, kisha akaingia jikoni na kurudisha mlango. Ndivyo inavyotakiwa. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na mmoja hamwoni mwenzake akila. Kwa miaka ishirini hao wawili walikuwa wameheshimiana kwa umbali wa ua mzima.

Wangila alianza kusema, "Shemeji, mimi nimekuja kwa sababu..."

"Shemeji, tumbo kwanza," Wepukhulu alimkatiza. "Maneno hayasemwi na njaa. Ukikula kwetu, tutajua umekuja na roho safi."

Wangila alijua hilo litakuja. Njia nzima kutoka Kitale alikuwa amelifikiria hilo tu.

Nabwile ndiye aliyeleta maji ya kunawa. Alimimina bila kumtazama usoni. Lakini alitazama mikono iliyokuwa inanawa, akaona pete ya ndoa ikicheza kwenye kidole kama si yake, na kwa mara ya kwanza kitu kikamgusa, kidogo, akakisukuma mbali. Akaleta ugali. Akaleta kuku. Firigisi, ambayo Wepukhulu alikuwa amemwachia mgeni, ilikuwa juu kabisa, katikati, mtu yeyote aione.

Ilikuwa imewekwa pale kama swali, na nyumba nzima ilikuwa inangoja jibu.

Wangila alimega tonge dogo, akalilowesha kwenye mchuzi mpaka likalegea, akalisukuma chini kwa maji. Akamega lingine. Wepukhulu alikuwa anakula huku anamtazama. Nabwile alikuwa amesimama kando ya mlango. Basi Wangila akafanya jambo la kishujaa na la kijinga kuliko yote aliyoyafanya maishani. Alichukua firigisi, akaiuma, akaitafuna. Aliitafuna mpaka ikawa kama uzi, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Akainyoosha shingo. Akameza.

Haikushuka.

Alikohoa mara moja, kwa adabu. Akanywa maji, maji yakarudi kwa pua. Akasimama, akagonga meza, sahani ikaanguka.

"Mpige mgongo!" Nabwile alilia.

Wepukhulu alimpiga mgongo kwa kiganja kikubwa cha mkulima. Midomo ya Wangila ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Hapo mlango wa jikoni ukafunguliwa, na mzee Nakhumicha akaingia na unga mikononi.

Hakuomba ruhusa ya mtu. Alimshika mkwe wake kichwani, akamwinamisha juu ya goti lake mwenyewe, akatia kidole kooni mwake na kuchokoa. Kipande kilianguka sakafuni. Wangila akavuta pumzi, sauti ya pumzi hiyo ikasikika mpaka uani.

"Mama!" Wepukhulu alisema kwa mshtuko. "Umemshika mukwe!"

"Nyamaza wewe. Heshima itangoja. Rete maji, na rete kitambaa." Alikuwa bado ameshika kichwa cha Wangila, na kichwa hicho kilikuwa kimelala kwenye paja lake kama cha mtoto. Alimpapasa kwenye mifupa ya shingo. "Huyu mutoto hana kiburi. Huyu mutoto hamezi. Nilisikia huko jikoni vile anapigana na chakula. Baba yenu mudogo nilimuuguza hivi hivi. Mutu ananyoosha shingo kama kuku anakunywa maji." Akamgeukia binti yake. "Ulituambia anakataa chakula yako. Ulimwangaria shingo?"

Nabwile alikuwa amepiga magoti kwenye mchuzi uliomwagika.

"Niliangalia sahani, mama," alisema. "Niliangalia sahani peke yake."

Wangila alitaka kusema kitu. Kilichotoka, kwa sauti iliyokwaruza, kilikuwa: "Msimwambie Sandra."

*

Hospitali ilikuwa Eldoret, na walikaa huko siku sita, Sandra akiangaliwa na Wangu. Daktari aliongea nao kwa upole. Alisema ni saratani ya umio, ile njia ya kushushia chakula, na kwamba ugonjwa umeshatoka hapo ulipoanzia. Aliweka mrija mdogo wa kupanua njia, ili uji na supu viendelee kupita. Alisema hiyo si dawa, ni msaada.

"Na tungekuja Juni?" Nabwile aliuliza.

Daktari alikunja karatasi zake. "Mama, tushughulike na hii ya leo," alisema.

Nabwile alielewa. Alitoka akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, akahesabu sahani zilizorudi. Ya maharagwe. Ya sukuma. Ya samaki. Kila sahani ilikuwa imemwita kwa jina, na yeye akawa anasikia jina la mwanamke mwingine.

Waliporudi Kitale walimwambia Sandra kwamba baba ametibiwa vidonda vya tumbo. Sandra alisema sawa, akaenda kudurusu Kemia.

Siku hiyo hiyo Nabwile alishuka mpaka ghalani. Wapagazi walipomwona walisogea, wakijua kuna sinema nyingine. Alipita katikati yao mpaka mbele ya Nyambu, akasimama mikono ikiwa tupu.

"Nimekuja unifundishe kuchuja," alisema.

Nyambu alimtazama. Angeweza kumjibu alivyotaka, na haki ilikuwa yake. Badala yake alisukuma kigoda kwa mguu.

"Usitumie kitambaa," alisema. "Kitambaa kinaacha nyuzi, na uzi unamnyonga. Chujio ya chai, mara mbili. Ya pili usikoroge, wacha iteremke yenyewe. Na asinywe akiwa ameinama."

"Nilikumwagia uji mbele ya watu."

"Ulimwaga. Shilingi ishirini." Nyambu alitabasamu kidogo, kisha uso wake ukavunjika. "Mimi nilitaka kukuambia, dada. Wallahi nilitaka. Aliniapisha kwa mtoto."

Walilia pamoja hapo, uji ukichemka na kumwagika motoni, na safari hii hakuna mpagazi aliyecheka. Nabwile alipoondoka, Nyambu alimpa lile chujio. Alisema limeshamzoea mzee.

*

Sandra alimaliza mtihani siku ya Ijumaa. Jumapili yake Wangila alitaka koti lake, akasema, "Twendeni hoteli."

"Baba Sandra, utaweza kutembea?"

"Tumekosa miezi mitano. Mimi nimewawekea deni."

Walikwenda polepole, Sandra akimshika mkono wa kulia na Nabwile wa kushoto, wakipumzika kwenye kila kibaraza cha duka. Hoteli ya nyuma ya stendi ilikuwa vilevile, na meza zake za plastiki na kalenda ya mwaka juzi. Kipngeno, mhudumu wao wa siku zote, aliwaona kutoka mbali akaanza kupiga kelele za furaha, "Nyinyi mmepotea hivi, mlihama ama?" Alipofika karibu akamwona Wangila vizuri. Akapunguza sauti, akapangusa meza ambayo ilikuwa safi.

"Kuku mzima wa kienyeji," Wangila aliagiza. "Ugali ya watu wawili. Na supu, kikombe kimoja."

"Na mzee atakula nini?"

"Mimi leo nakula kwa macho."

Kipngeno alileta. Nabwile alitoa chujio kwenye mkoba, akaanza kuchuja supu pale pale mezani, mara ya kwanza, mara ya pili bila kukoroga. Watu wa meza ya jirani waligeuka. Mama mmoja aliyevaa nguo za kanisani alimnong'oneza mwenzake. Miezi mitatu nyuma Nabwile angekufa kwa aibu. Sasa alimaliza kazi yake, akampa mume wake kikombe, akamtazama mdomo vile Nyambu alivyomtazama.

"Kuna kitu nataka kuwaambia," Wangila alianza, akimgeukia Sandra.

"Najua, Buda."

"Unajua nini?"

"Si vidonda vya tumbo. Nilikuwa nakusikia usiku huko nje unakohoa. Nilisoma hizo dalili kwa simu ya Wangu." Sandra alikuwa anamega ugali bila kuula. "Nilijifanya sijui ndio wewe usijue najua. Ulitaka nimalize mtihani. Si nimemaliza?"

Hivyo ndivyo walivyokuwa wameishi, watu watatu ndani ya vyumba viwili, kila mmoja akimficha mwenzake kwa mapenzi, mpaka mapenzi hayo yakala miezi ambayo ingeweza kumsaidia mtu. Wangila alifunika mkono wa binti yake kwa mkono wake. Ulikuwa mwepesi sana mkono huo wa baba.

Kisha akaivuta sahani ya kuku. Kipngeno, kijana wa Nandi aliyeishi na Wabukusu vya kutosha, alikuwa ameiweka firigisi upande wa mwenye nyumba. Wangila aliichukua kwa vidole viwili. Nabwile alishtuka, akanyoosha mkono kumzuia, lakini yeye hakuipeleka mdomoni kwake. Aliiweka kwenye sahani ya mke wake.

"Kula."

"Baba Sandra, hiyo ni yako."

"Ndiyo. Yangu nimekupa."

"Mama yangu hajawahi kuonja hii kitu maisha yake yote. Nitakulaje, na watu wanaangalia?"

"Mama yako alinishika kichwa," Wangila alisema. "Hizo sheria tumeshavunja. Kula, Nabwile. Ile ya Septemba niliiacha, ulilia jikoni, nilikusikia. Nataka nione hii imekulwa."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu Sandra alipozaliwa.

Nabwile aliichukua. Mchuzi ukadondoka kwenye leso yake. Aliiuma, akaitafuna polepole, machozi yakimwingia mdomoni na kuichanganyia chumvi. Ilikuwa ngumu na tamu, na donge lililokuwa kooni mwake lilikataa kuipisha. Alifumba macho. Akanyoosha shingo. Akameza.

Wangila alikuwa ameinama mbele, akiitazama shingo ya mke wake.

"Imeshuka?" aliuliza.

"Imeshuka, Baba Sandra."

Aliegemea kiti, akashusha pumzi kama mtu aliyeshiba.